Vidonge vya Gulioni na Siha ya Wazee

Siku ya gulio mkoani Kagera, iwe ni Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, mchuuzi wa vidonge mwenye kipaza sauti aghalabu huwalenga wazee, akawaahidi, kwa chupa moja iliyojaa vitamini za kila herufi, magoti yasiyouma na macho ya ujanani. Na mzee aliyelipwa juzi fedha ya kahawa ya maganda humtolea noti zake pasi na kuuliza mwili wake umepungukiwa na nini.

Sisemi kwamba vidonge vyote ni hadaa. Iko vitamini moja, B12, ambayo mzee huweza kuihitaji kwelikweli, kwani haimo katika ndizi wala katika maharage, bali katika nyama, samaki, mayai na maziwa, na tumbo la shaibu au ajuza mara nyingi hupungukiwa na asidi ya kuitenga na chakula. Mpelelezi Mwingereza Speke, alipofika kwa Mukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, alistaajabu jinsi wanawake wa jumba la kifalme walivyonenepeshwa kwa maziwa. Unene ule siutamani, lakini maziwa yale nayakumbuka kila nimwonapo bibi anayeshinda mwezi mzima kwa ndizi za ebitooke na maharage matupu. Mgonjwa wa sukari aliyetumia metformini miaka mingi naye yumo katika hatari hiyo hiyo. Basi ganzi ya nyayo, usahaulifu na uchovu, ambavyo jamaa huvipuuza wakisema, "Ni uzee tu huo," huenda vikawa ni dalili za maradhi yenye dawa, iwapo damu itapimwa mapema.

Vidonge vya madini ya chuma navyo vina mashaka yake: mzee akivimeza kwa kahawa, kahawa huzuia sehemu kubwa isiingie mwilini, na akivimeza bila ya kupimwa, huenda akaficha kidonda cha tumbo kinachomvuja damu kimyakimya. Wala si chuma pekee chenye mashaka: huko Finland, matokeo ya utafiti yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kuwa wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wenzao wasiopewa.

Mwenye mzee nyumbani na ampeleke kwanza kwa tabibu, amtajie kila kidonge anachotumia, hata kile cha gulioni, maana vitamini K iliyomo katika baadhi ya chupa hizo huipunguza nguvu wafarini, dawa apewayo mtu ambaye damu yake huganda mishipani.