Watoto Wawili Mbele ya Hakimu

Msichana wa miaka 16 afikishwapo na kichanga chake katika Mahakama ya Watoto, Tononoka, hakimu ana watoto wawili mbele yake. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 chawalinda wote wawili, na chaagiza maslahi ya mtoto yatangulie. Katika 1 Wafalme 3, Sulemani alimtambua mama kwa huruma yake, wala hakumwuliza umri. Lakini huruma yataka msaada. Ofisa wa watoto huenda nyumbani kutazama: je, yuko wa kumsaidia binti huyu kulea? Jibu ni letu, tukaao Mji wa Kale na kisiwani kote. Tukiwafungulia mlango wote wawili, huenda wasitenganishwe. Bwana atupe moyo huo. Amina.