Fedha za Msaada Humfikia Nani?

(Maneno tuliyowaambia wanachama katika mkutano wa tawi)



Sisi wafanyakazi twajua kuisoma karatasi ya mshahara. Hatutazami jumla ya juu tu. Twauliza kimekatwa nini, na kimebaki nini mkononi. Leo twataka kuisoma bajeti ya serikali vivyo hivyo, pamoja na fedha za misaada zitokazo nchi za nje.

Mwaka 2005, mjini Paris, nchi zitoazo misaada na nchi ziipokeazo zilikubaliana kwamba misaada ifuate mipango ya nchi inayosaidiwa. Neno hilo ni jema. Lakini kama mipango yenyewe imemsahau mwanamke, msaada nao utamsahau.

Tutoe mfano. Tuseme msaada umeleta bomba la maji kijijini. Hesabu yasema kazi imekwisha, fedha zimetumika sawasawa. Lakini bomba hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa sita. Wakati huo mama yuko shambani anachuma chai. Atamtuma binti yake, na binti atakosa shule. Katika karatasi kazi imefaulu, nyumbani haikufaulu.

Kwa hiyo kila fungu la bajeti tuliulize maswali matatu. Nani atafaidika? Nani ataongezewa kazi isiyo na malipo? Nani alikuwapo lilipopangwa? Hatutaki bajeti mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake. Twataka ile ile moja, iwatazame wote.

Wenzetu wamekwisha kuanza. Australia ilianza mwaka 1984. Huko Tanzania, chama cha TGNP kilianza kuichambua bajeti kwa njia hii mwaka 1997. Uganda nayo ilitunga sheria ya fedha mwaka 2015, inayotaka makadirio ya kila wizara yawe na cheti cha usawa.

Na hapa kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 201, yataka wananchi washiriki katika mambo ya fedha za umma. Basi haki tunayo. Kaunti ikiita mkutano wa bajeti, kila tawi lipeleke watu wawili, na mmoja awe mwanamke. Mkutano ukiwekwa saa za kazi, tudai ubadilishwe saa.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lipo. Tukalisome pamoja.

Umoja ni nguvu.