Sanduku la Diapo Lisitupwe

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama, Kindu)



Tunapotembelea familia zilizorudi, tunaulizwa: "Ile mashini nzito ya foto na masanduku yake, tuuze kama chuma?" Tunajibu: ngoja kwanza. Leo tunaeleza sababu.

Mashini hiyo ni projekteri ya diapo. Diapo ni kipande cha filamu ya milimita 35, kimefungwa katika fremu ya karatasi ngumu au plastiki, sentimita 5 kwa 5. Ndani ya mashini kuna ampuli kali, kioo cha kuzuia joto, lenzi, na feni ya kupoza. Foto inaingizwa kichwa chini, sababu lenzi inaigeuza. Ukutani watu wanasimama sawa. Kodak Carousel, ya miaka ya 1960, ina sinia la mviringo la diapo 80: ukibonyeza, moja inashuka kwa uzito wake yenyewe. Nyingi za Ulaya ziko na kisanduku kirefu cha diapo 36 au 50. Kodak iliacha kuzitengeneza mwaka 2004.

Kongo inajua nguvu ya mwangaza huo tangu zamani. Mwaka 1904, kule Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga foto ya baba aitwaye Nsala, akitazama mkono na mguu wa binti yake, vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumuua. Yeye na mume wake John walionyesha foto kama hizo Uingereza na Marekani, kwa taa ya zamani iliyotumia picha za kioo. Watu walikasirika, na makelele yao yalisaidia mpaka Leopold II akanyang'anywa Kongo mwaka 1908. Jina la Nsala tunalijua sababu liliandikwa. Wengine wengi katika foto za wakati ule hawana jina hata leo.

Hapo ndipo shida yetu iko. Wengi walikimbia bila karatasi, bila foto hata moja ya wazazi. Diapo ya mtaa au ya shamba si hati ya kiwanja. Mtu asiipeleke kortini akifikiri itamaliza ugomvi. Lakini inaamsha kumbukumbu ya mzee: hapa palikuwa mwembe, huyu ni babu yako. Na wazee wanaoweza kusema hivyo wanapungua kila mwaka.

Basi tunaomba mambo matatu.

Kwanza, wekeni diapo mahali pakavu penye giza. Unyevu unaleta ukungu, nao unakula foto. Shika fremu, usiguse filamu, usioshe kwa maji.

Pili, fundi aangalie waya kabla ya kuwasha. Ampuli mpya isiguswe kwa vidole vitupu. Foto moja isikae sana mbele ya mwangaza, rangi zitapauka; mazungumzo yakiwa marefu, piga foto ya ukuta kwa telefone, muendelee na hiyo. Ampuli ikizimwa, acha feni ipoze mashini.

Tatu, andikeni: nani, wapi, mwaka gani. Fremu ya karatasi, kwa penseli. Ya plastiki, weka namba na jina liingie katika daftari.

Kwenu marafiki wafadhili: hatuombi mashini mpya. Tunaomba ampuli, madaftari, na mafuta ya jenereta kwa jioni chache. Na kama wazazi wenu walifanya kazi Maniema na waliacha diapo, tutumieni nakala. Zilipigwa hapa, lakini wengi wenye sura hizo hawajaziona hata siku moja. Sisi pia tunafuata sheria hiyo: hatuwatumii foto ya mtu kabla yeye mwenyewe hajaiona na kukubali.

Mwenye sanduku nyumbani, alilete ofisini kwetu. Tutalifungua pamoja na wazee.