Ishara za Mnunuzi Asiye Mwaminifu

Leo twataka kunena nanyi habari za kumtambua mtu mdanganyifu, hasa yule ajaye wakati wa kahawa, mizani begani na fedha mkobani.

Watu wengi husema mwongo hujulikana kwa macho, kwamba hathubutu kumtazama mwenziwe. Wataalamu waliwauliza watu wa nchi 58, na habari zao zilipotolewa mwaka 2006, jibu hilo lilitajwa kuliko yote. Lakini mwaka uo huo wataalamu wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya majaribio mengi wakaona ya kuwa mtu amwangaliaye na kumsikiliza mwenziwe tu hupatia mara 54 katika mia. Si mbali na kurusha sarafu. Tena kwetu kijana huinamisha macho mbele ya mzee kwa adabu. Je, tumwite mwongo? Na laghai mzoefu hukutazama usoni pasipo kupepesa.

Basi tuyaache macho, tuitazame mizani. Kabla gunia halijatundikwa, mshale usimame penye sifuri. Kisha litundikwe dumu tupu, nawe usome. Tia humo lita 10 za maji, usome tena. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mshale hauna budi kuongezeka kilo 10 kamili. Mtoto wa shule aweza kulifanya jambo hili. Mnunuzi mwaminifu atangoja, pengine akicheka. Asiye mwaminifu atakasirika, atasema gari linamngoja, au atauficha uso wa mizani kwa mgongo wake. Mwulize pia alama ya Wakala wa Vipimo, ambao kazi yao ni kuzikagua mizani za biashara.

Bei iliyozidi ya wengine nayo ni ishara. Tuseme wote hutoa shilingi 2,000 kwa kilo, naye atoa 2,100. Gunia lako ni kilo 50, lakini mizani yake yasema 45. Atakulipa shilingi 94,500, na jirani yako aliyeuza kwa bei ndogo atapata 100,000. Wewe utarudi nyumbani ukimsifu! Na katika magunia kumi, gunia zima limekwenda bure.

Lililo baya kuliko hayo ni butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini. Mnunuzi wa butura haji siku ya furaha. Huja mtoto akiwa mgonjwa, au ada ya shule ikitakiwa, na huijua shida yako kabla hujamwambia. Hapo hukupa fedha kidogo, akataka jambo limalizwe usiku, pasipo shahidi, na kidole gumba kitiwe wino juu ya karatasi. Serikali imeikataza biashara hii, naye ajua. Ndiyo maana aogopa mchana.

Ikiwa kuna karatasi, mwambie aisome kwa sauti mbele ya watu wawili. Akimaliza, mpe mwanao wa shule aisome tena, polepole, hata tarakimu za magunia. Wakitofautiana, irudishe fedha yake papo hapo, kabla hujatia kidole.