Mzigo wa Askari na Jina la Kariokor



Wengi wenu mwajua kwamba jina la Kariokor latokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ambacho kambi yake ilikuwa hapa. Lakini kwa nini jeshi lenye mikanda na mashanta mazuri lilihitaji vichwa vya watu?

Vifaa vyenyewe havikuwa vibaya. Katika vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, Waingereza waliona kwamba mikanda ya ngozi haifai, na mwaka 1908 wakatoa vifaa vipya vya pamba nene iliyofumwa. Mifuko kumi ya mbele ilichukua risasi 150. Shanta lilikaa mgongoni na chupa ya maji ubavuni. Navyo vyote vilishikamana hata askari akaweza kuvivaa na kuvivua kwa mara moja, kama koti. Ilikuwa akili nzuri sana. Lakini shanta halichukui unga wa mwezi, wala bombomu, wala masanduku ya risasi. Ulaya vitu hivyo vilipelekwa kwa reli, farasi na magari. Huku mbung'o waliwaua farasi na nyumbu, na mvua ikageuza njia kuwa matope ya kuzamisha magari. Basi mzigo ukamrudia mtu.

Kifaa cha mtu huyo kilikuwa kata ya majani au ya nguo kichwani. Wengine, kama Wakikuyu, walizoea kubeba mgongoni kwa ukanda uliopita juu ya kichwa, kama ule wa kiondo kiuzwacho katika soko la Kariokor.

Hesabu yake ilitisha. Tuseme mpagazi amebeba ratili 50 za unga, naye ala ratili 2 kila siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, amekwisha kula ratili 48 za mzigo wake. Askari aliye mbele apata ratili 2 tu. Kwa hiyo kadiri jeshi lilivyosonga kusini, ndivyo wapagazi walivyozidi kutakiwa. Sheria ya 1915 iliruhusu watu wachukuliwe kwa nguvu, na mwaka 1917 Bwana John Ainsworth akapewa kazi ya kukusanya wengi zaidi. Bwana Oscar Watkins, aliyewasimamia, alitetea chakula na matibabu yao. Hata hivyo unga usioiva vizuri ulileta kuhara damu, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Hesabu za serikali zilitaja vifo zaidi ya 40,000, na wako wanahistoria wasemao kwamba walikufa wengi zaidi ya hapo.

Jeshi liliendelea kujifunza. Kwa ajili ya misitu yenye mvua kama ya Burma, walikopigana askari wa KAR, vilibuniwa vifaa vya 1944, vyepesi na visivyonywa maji upesi.

Wapagazi walingoja zaidi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wengi wa Afrika Mashariki waliokufa katika Vita Kuu hawakuandikwa majina yao katika kumbukumbu zake kama walivyoandikwa askari wa Ulaya.