Dawa Zilizobaki na Maji ya Walio Bondeni



Eritrea ilipokuwa bado ikipigania uhuru wake, ililetewa msaada wa aspirini zilizokwisha muda, malori saba mazima. Kuzichoma kulichukua miezi sita. Zikaja na chupa 30,000 za dripu, nazo zimekwisha muda, zisizoweza kumwagwa karibu na makazi ya watu kwa jinsi zilivyonuka. Bosnia nayo ilipotoka vitani katikati ya miaka ya 1990 ilibaki na dawa zisizofaa zilizokadiriwa kufika tani 17,000. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, WHO, likatoa mwongozo wa kuteketeza dawa zisizotakiwa wakati wa dharura na baada yake. Mtoaji alikwisha kushukuriwa na kwenda zake. Aliyepewa ndiye aliyebaki akitafuta mahali pa kuzitupa.

Nakivale ya wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, iliyowapokea wakimbizi wa Rwanda tangu mwisho wa miaka ya 1950 na leo ina Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, haina mlima wa aspirini. Mzigo wake umetawanyika nyumba kwa nyumba, kutoka Base Camp hadi Rubondo na Juru. Ni nusu karatasi ya Septrin. Ni chupa ya amoksilini ya mtoto, ambayo ikishachanganywa na maji hudumu wiki moja au mbili tu. Ni vidonge vya malaria vya Coartem alivyoviacha mtu mzima kwa kuwa homa ilishuka siku ya pili, ingawa dozi yake ni vidonge 24 kwa siku tatu na vimelea havijali kama mgonjwa amejisikia nafuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu kaskazini mwa Uganda ulikuta dawa zimehifadhiwa katika takriban theluthi moja ya nyumba zilizotembelewa. Hakuna sababu ya kudhani kwamba kusini-magharibi watu ni tofauti.

Dawa hizo huishia wapi? Nyingine hutumbukizwa chooni, nyingine hutupwa jaani au kuchomwa pamoja na maganda ya ndizi. Nyingine hupewa jirani, na hapo panahitaji maneno ya upole, kwa sababu anayetoa huwa anatenda wema. Mama aliyekimbia vita na kulala njiani na mtoto mwenye homa hatupi kidonge. Anajua siku kitakapotafutwa kisipatikane. Kumwambia mtu huyo kwamba amefanya ujinga ni kumkosea adabu. Ila ukweli ubaki ukweli: nusu dozi ya antibayotiki anayopewa jirani haimtibu, na huwafundisha wadudu wa ugonjwa kuizoea dawa. Wanasayansi walikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa.

Kisha kuna maji. Mto Rwizi huanzia katika vilima vya Buhweju, hukatiza jiji la Mbarara, hushuka mashariki na kuingia katika mlolongo wa maziwa na vinamasi vya Mburo, Nakivale, Kachera na Kijanebalola, na hatimaye maji yake huelekea Ziwa Viktoria. Mfumo wa Mburo na Nakivale uliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ziwa Nakivale lenyewe ndilo linalovutwa maji, yakasafishwa na kupelekwa kwenye mabomba ambako watu hupanga foleni na majerikeni. Usafishaji wa kawaida hutumia shabu ili tope lishuke na klorini ili vijidudu vife. Kazi hiyo huifanya vizuri, lakini haikubuniwa kuondoa dawa zilizokwisha kuyeyuka majini.

Kwamba dawa hufika ziwani si dhana. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya maji upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, na dawa iliyoongoza kwa wingi ilikuwa sulfamethoksazoli, hasa katika Ghuba ya Murchison inayopokea maji machafu ya Kampala. Sulfamethoksazoli ni moja ya dawa mbili zinazounda Septrin. Ya pili, trimethoprimu, ilikutwa pia. (Asije mtu akamnyooshea kidole mgonjwa anayeimeza Septrin kila siku kwa agizo la daktari. Huyo anatunza uhai wake.) Miaka miwili baadaye watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha York cha Uingereza walitangaza matokeo ya kupima mito 258 katika nchi 104. Sehemu moja kati ya kila nne zilizopimwa ilikuwa na angalau dawa moja iliyopita kiwango kinachodhaniwa kuwa salama, na Addis Ababa ilikuwa miongoni mwa miji yenye hali mbaya zaidi.

Wapo watakaosema kiasi ni kidogo mno. Huko Ontario, Kanada, kati ya 2001 na 2003 wanasayansi walitia kwa makusudi homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango katika ziwa dogo la majaribio, kiasi cha gramu 5 au 6 kwa kila lita bilioni moja za maji. Samaki wadogo wa kiume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na katika muda mfupi kizazi chao kikakaribia kutoweka. Mvuvi wa Nakivale hana haja ya shahada ili aelewe habari hiyo.

Ni haki kusema pia kwamba sehemu kubwa ya dawa iliyomo mitoni hupitia miilini mwa wagonjwa, na nyingine hutoka viwandani na hospitalini. Kidonge kilichotupwa si chanzo pekee. Lakini mkojo wa mgonjwa haumngojei mtu aamue. Kidonge kilichobaki kinangoja. Kipo mkononi mwa mtu na njia ya kukirudisha inaweza kutengenezwa. Ndiyo maana lawama hazifai kuishia kwa mwenye nyumba. Anayeambiwa asitupe dawa chooni, asiichome, asiizike na asimpe jirani, bila kuonyeshwa pa kuipeleka, ameongezewa wasiwasi tu.

Hapa Mbarara inadaiwa zaidi kuliko Nakivale. Jiji lina hospitali ya rufaa ya mkoa, lina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa 1989 chenye walimu na wanafunzi wa famasia, lina maduka mengi ya dawa. Lenyewe linakunywa Rwizi kupitia mtambo wa Ruharo, halafu linawaachia wa bondeni mto uliokwisha kupita mjini. Mkimbizi hakuchagua kuwekwa chini ya mkondo. Kama kuna mahali pa kuanzia, ni kwenye kaunta za Mbarara: anayeuza dawa apokee na mabaki yake.

Jambo hilo si geni duniani. Ufaransa imekuwa na mpango wa kitaifa wa kukusanya dawa za majumbani kupitia maduka ya dawa tangu 1993, unaoitwa Cyclamed. Kwa miaka kadhaa sehemu ya dawa zilizorudishwa zilichambuliwa na kupelekwa nchi maskini kama msaada, hadi sheria ilipokomesha utaratibu huo mwishoni mwa 2008. Sasa dawa hizo huteketezwa. Somo la Eritrea lilichelewa, ila lilifika.

Kwa Nakivale kinachohitajika ni kisanduku chenye kufuli katika kila kituo cha afya na mhudumu mmoja mwenye daftari. Dawa za kifua kikuu na za kupunguza makali ya VVU zirudi kwenye kliniki zilizozitoa. Sindano zisichanganywe na vidonge kamwe. Kituo kisichoweza kusafirisha mara moja kinaweza kufuata njia ya mwongozo wa WHO: pipa la chuma hujazwa dawa hadi robo tatu, nafasi iliyobaki hujazwa mchanganyiko wa simenti, chokaa na maji, kisha hufungwa. Kuteketeza kwa moto ni kazi ya tanuri la joto kali chini ya macho ya Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA. Moto wa uani huyeyusha plastiki ya pakiti na kuwarudishia watoto moshi wake.

Na nyumbani, kabla kisanduku hakijafika? Dozi imalizwe kama ilivyoandikwa. Iliyobaki ikae ndani ya pakiti yake, juu, mbali na watoto, ipelekwe kituoni safari ijayo. Pasipo na wa kuipokea kabisa, ichanganywe na majivu na udongo ndani ya kopo linalofungika, ifukiwe kwenye shimo la taka lililo mbali na kisima, mfereji na ziwa. Hiyo ni njia ya dharura, wala si ya kujivunia.

Litabaki swali la nani alipe usafiri. National Medical Stores hupeleka dawa katika vituo vya serikali kwa mizunguko ya kila miezi miwili, na mashirika yanayohudumia makazi ya wakimbizi yana magari yao. Lori lililoleta maboksi yaliyojaa linaweza kuondoka na pipa moja lililofungwa. Ofisi ya Waziri Mkuu, UNHCR, wilaya ya Isingiro na jiji la Mbarara wana uwezo wa kukaa meza moja na kuamua pipa hilo litasainiwa na nani, na litashushwa wapi.