Kuliondoa Baraza na Kulinda Rufaa: Mfano wa Australia

Baraza la rufaa za kiutawala ni chombo kinachopitia upya uamuzi wa waziri au ofisa wa serikali, na ambacho, tofauti na mahakama inayochunguza uhalali wa uamuzi tu, kina uwezo wa kuutengua na kutoa ulio sahihi zaidi. Mamlaka hayo hutoka katika kila sheria inayompa mwananchi haki ya kukata rufaa, iwe ya kodi, ya uhamiaji au ya pensheni. Kwa hiyo Bunge linapolifuta baraza moja na kuunda jingine, sehemu kubwa ya kazi yake imo katika sheria hizo zilizotawanyika.

Australia ilikabiliana na kazi hiyo ilipolifuta Baraza la Rufaa za Kiutawala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, likaanza kazi mwaka 1976 chini ya rais wake wa kwanza, Gerard Brennan, na kuunganishwa mwaka 2015 na mabaraza ya uhamiaji, wakimbizi na hifadhi ya jamii. Kutokana na mlundikano wa mashauri na lawama kwamba wajumbe waliteuliwa kisiasa, nafasi yake ilichukuliwa na Baraza la Mapitio ya Kiutawala tarehe 14 Oktoba 2024.

Kifungu kimoja kinachoagiza kwamba jina la zamani lisomwe kama jipya kingetosha endapo jina pekee lingebadilika. Kwa kuwa utaratibu nao ulibadilika, sheria kuu iliandamana na sheria mbili za marekebisho yatokanayo, yaani marekebisho ambayo sheria mpya inayalazimisha katika sheria nyingine, nazo ziligusa zaidi ya sheria 200. Katika kila moja ilibidi kuamuliwa kama utaratibu wake wa pekee ubaki au uingizwe katika ule wa jumla: madai ya hifadhi ya jamii yalibaki na ngazi mbili za mapitio, ilhali chombo maalumu kilichopitia kwa haraka baadhi ya maombi ya ukimbizi kilifutwa na kazi yake ikahamishiwa baraza jipya.

Yalihitajika pia masharti ya mpito, yaani vifungu vinavyoyavusha mambo yaliyoanza chini ya sheria ya zamani, ambayo yaliwezesha mashauri yaliyokuwa hayajaamuliwa kuendelea mbele ya baraza jipya bila mwombaji kuwasilisha ombi upya. Pasipo masharti hayo, aliyekata rufaa kwa wakati angeweza kujikuta hana chombo cha kumsikiliza wakati muda wa kuomba tena umekwisha. Ndiyo maana miswada ya marekebisho, ingawa huonekana kuwa kazi ya makarani, inastahili kujadiliwa bungeni kwa makini yaleyale yanayopewa mswada mkuu, kwa kuwa humo ndimo haki ya rufaa huhifadhiwa au kupotea.